Runi: herufi za kuandikia au vijiwe vya kupigia ramli?

Mwaka 1955 moto uliteketeza sehemu ya Bryggen, mtaa wa bandarini mjini Bergen, Norwei. Wanaakiolojia walipoanza kufukua pale, walitoa vijiti na mifupa yenye maandishi zaidi ya 600 ya runi, herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya. Kijiti kimoja kinasema: "Gyda anasema urudi nyumbani." Basi. Kuna mistari mingine iliyochongwa hapohapo, pengine jibu, lakini imevurugika kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuisoma. Huyo aliyekuwa akiitwa, mimi naona, alikuwa kilabuni.

Kijiti cha Gyda ndicho rungu la wale wanaocheka wakisikia kwamba siku hizi mtu hununua mfuko wa vijiwe 24, akatia mkono asubuhi, akatoa kimoja na kukiuliza siku yake itakuwaje. Ni alifabeti tu, wanasema, mnataka iwatabirie nini? Na ushahidi wanao. Chanuo lililopatikana Vimose, Denmark, la mwaka 160 hivi, lina neno moja tu, "harja", ambalo wengi hulisoma kama jina la mtu. Huko Bergen vijiti vingi ni vya wafanyabiashara: mzigo huu ni wa fulani.

Lakini tazama jiwe la Kylver, kisiwani Gotland, Uswidi, la karibu mwaka 400. Limechongwa runi zote 24 kwa mfuatano, kama ubao wa darasa la kwanza. Lilikutwa kaburini. Sasa nani anamwandikia maiti alifabeti? Hapo wale wa "herufi tu" huanza kukohoa. Tena neno lenyewe, runa, katika Kigothi lilimaanisha siri.

Wanaopiga vijiwe humtegemea zaidi Tacitus, Mrumi aliyeandika mwaka 98 kuhusu Wajerumani wa kale. Anasema walikata tawi la mti wa matunda, wakalipasua vipande, wakavitia alama na kuvimwaga juu ya kitambaa cheupe. Kuhani, au baba wa nyumba kama jambo ni la kifamilia, aliangalia juu mbinguni huku akiokota vipande vitatu. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa, bao la ramli analijua. (Ramli ina maumbo 16, na runi za zama za Waviking nazo zilipunguzwa zikabaki 16. Usitafute undugu hapo, haupo.) Tatizo ni kwamba Tacitus alisema "alama". Hakusema runi, wala hakueleza alama ipi ina maana gani.

Maana tunazitoa wapi basi? Tunazo tungo tatu za mashairi zinazoeleza runi moja baada ya nyingine, ya Kiingereza cha kale, ya Kinorwei na ya Kiaislandi, zote zilizoandikwa katika zama za Ukristo. Hata majina ya zile 24, kama fehu na isa, yameundwa upya na wanaisimu kwa kulinganisha lugha. Halafu yakaja ya karne yetu na iliyopita. Mwaustria Guido von List alidai mwaka 1902, akiwa amefungwa macho baada ya kupasuliwa, kwamba amefunuliwa runi 18. Kutoka katika mkondo huo wa mawazo Wanazi walichota baadhi ya alama zao, na leo zile runi mbili za SS, kikosi chao, ni marufuku kuonyeshwa hadharani Ujerumani. Kile kijiwe kitupu, kisicho na alama, kinachoongezwa siku hizi juu ya vile 24, kilienezwa na kitabu cha Marekani cha mwaka 1982. Anayekuuzia kama mila ya miaka elfu mbili anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaocheka. Mtu kukaa kimya dakika kumi na alama moja mbele yake si kosa, na desturi changa inaweza kuwa desturi njema. Kinachoniudhi ni kwamba vijitabu vya siku hizi vimezifanya runi kuwa laini kupita kiasi. Toa fehu, utaambiwa mali inakuja. Utungo wa Kinorwei unasema mali huzusha ugomvi kati ya ndugu, na mbwamwitu anaishi msituni. Yeyote aliyekaa kikao cha kugawana shamba la marehemu anajua nani alisema kweli. Toa isa, barafu, utaambiwa tulia. Utungo unasema: barafu twaiita daraja pana, kipofu lazima aongozwe. Hilo unaweza kulitafuna wiki nzima.

Wazee wenyewe walikuwa na mwiko wao. Katika saga ya Egill, hadithi ndefu ya kale ya Iceland, msichana Helga anaugua. Egill anakuta kitandani mwake mfupa wa nyangumi, umechongwa na kijana aliyetaka kumvuta kimapenzi ila hakujua anachochonga. Egill anakwangua maandishi, anauchoma mfupa, anachonga runi nyingine na kuziweka chini ya mto, na Helga anapona. Onyo lake: mtu asichonge runi asizoweza kuzisoma.

Nami nimejaribu, kwa kisu. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini runi hazina mstari wa kulala: mstari unaofuata nyuzi za mti hupotea humo au huupasua, wa mshazari hukaa. Nilichonga jina la mama kwenye mpini wa mwiko wake wa jikoni. Akaugeuzageuza, akauliza kama ni hirizi. Nikamwambia ni jina lake. Akausuuza, akaendelea kusonga ugali.