Brauza ya chanzo huria: kabla useme Chrome inatosha

Wiki iliyopita nilikuwa kwa saiba ya ndugu yangu pale Kondele, Kisumu, mahali mimi hushika zamu ya jioni, kijana mmoja akakaa kwa mashine akaona ni Firefox, brauza ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, akaniuliza, "Omera, mbona mnatuwekea hii kitu na kila mtu anatumia Chrome?" Nilimjibu haraka juu kulikuwa na watu wanangoja, lakini swali lake limenikalia kichwani hadi leo, kwa sababu ako na hoja.

Chrome inakuja na simu nyingi za Android kutoka dukani, huhitaji kutumia hata MB moja kuitafuta. Ukiwa na simu ya GB 32 imejaa picha na video za WhatsApp, kuongeza brauza ya pili ni mzigo. Tena website nyingi zinajaribiwa kwa Chrome kwanza, zingine hazijaribiwi kwingine kabisa. Sisi wenyewe tumeacha Chrome kwa mashine moja sababu kuna fomu ya ofisi fulani ambayo kwa Firefox kitufe cha kutuma kinakataa tu, na ikikaribia 30 Juni watu wamepanga laini kujaza ritani za KRA huwezi kumwambia mama ametoka Mamboleo angoje ndio utetee uhuru wa programu. Halafu kuna hili: Chromium, ule msingi Chrome imejengwa juu yake, msimbo wake pia uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma. Kwa hivyo ukimwambia mtu ahame juu ya chanzo huria peke yake, bado hujamwambia kitu.

Lakini sisi tunaosema watu wahame hatusemi juu ya spidi, na wengi hudhani ni hiyo. Tunauliza nani anaamua brauza yako iruhusiwe kukataa nini.

Chukua matangazo. Mteja anakuja kutafutia mtoto karatasi za mitihani iliyopita, ukurasa unafunguka na vitufe vitatu vikubwa vya kijani vya kudaunilodi, viwili ni tangazo. Anabonyeza cha kwanza, anaulizwa kama anaruhusu notifikesheni, anakubali juu anafikiri ndio njia ya kupata faili, na kuanzia hapo ile mashine inashinda ikimwaga onyo za uongo kwamba ina virusi, mteja anayefuata anaogopa anabonyeza hizo onyo, na mimi nashinda asubuhi nzima nikisafisha. Hiyo ilikuwa kazi yetu ya kila wiki. Tulipoweka uBlock Origin, programu ndogo ya kuzuia matangazo iliyoandikwa na Raymond Hill, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, vile vitufe feki vikapotea karibu vyote. Na mtu wa bando ya kila siku anajua upande mwingine wa hii maneno, kwamba ile video ya tangazo inayojicheza yenyewe imelipiwa na pesa yake.

Sasa, kati ya 2024 na 2025 Google walizima ndani ya Chrome mfumo wa zamani wa viendelezi (programu ndogo za kuongeza kwa brauza, kama uBlock), unaoitwa Manifest V2, wakabakisha mpya, V3, na uBlock Origin kamili ikaacha kufanya kazi huko. Kuna toleo dogo, uBlock Origin Lite, lakini uwezo wake umepungua, kwa sababu kwa V3 kiendelezi kinaipa brauza orodha ya sheria mapema, hakiwezi tena kusimamisha kila kitu ukurasa unachoomba kupakia na kukiamulia chenyewe. Google walisema ni usalama, na hiyo si uongo, kiendelezi kibaya chenye nguvu ya kuona kila unachofungua kinaweza kukuibia. Lakini kumbuka pia kwamba 2023 zaidi ya robo tatu ya mapato ya kampuni mama yao, Alphabet, yalitoka kwa matangazo. Mwenye kuuza matangazo ndiye ameshika mlango wa kuyazuia, na hata kama nia yake ni safi mimi siwezi kutulia na mpango kama huo.

Na kutoroka Chrome kuingia Edge au Opera hakutoshi, juu Opera ilihamia msingi wa Chromium 2013 na Edge ikafuata 2020. Msimbo uko wazi lakini usukani kwa sehemu kubwa uko kwa kampuni moja, na anayetaka kwenda njia yake lazima abebe gharama ya kutunza tofauti hiyo mwenyewe. Brave imejaribu, kizuia matangazo chake kimejengwa ndani kwa hivyo V3 haikukigusa, na msimbo wake uko wazi pia, simkatazi mtu. Firefox ndiyo bado iko na injini yake, ile sehemu inayosoma msimbo wa website na kuuchora kwa skrini, inaitwa Gecko, na uBlock Origin kamili inaendelea huko.

Kuna kitu kingine watu wa saiba tulikihisi sana. 2018 Chrome ilianza kuingiza mtu kwa brauza yenyewe mara tu akifungua Gmail. Sawa, kusinki, yaani kutuma historia na paswedi zako kwa akaunti ya Google, hakukuwa kunawaka peke yake, na baada ya watu kulalamika wakaweka swichi ya kuzima, lakini kwa mashine inayotumiwa na watu wengi kwa siku, hilo ni jambo la kuamua mwenyewe kwanza, si la kuletewa.

Mozilla, wale wenye Firefox, nao si malaika. Sehemu kubwa ya pesa yao inatoka kwa Google, wakilipwa Google iwe ndiyo injini ya kutafuta inayokuja na Firefox, na hiyo inaniuma kwa sababu mpinzani analishwa na yule yule. Februari 2025 pia walibadilisha masharti yao, ile ahadi kwamba hawauzi data ikaondolewa, watu wakawaka, na ndani ya siku chache wakaandika upya maneno. Sikupenda. Lakini nikiweka hayo mizani na uwezo wa kuamua ni nini kinaingia kwa skrini yangu, bado naegemea huku.

Na kwa simu ndio tofauti inaonekana zaidi. Chrome ya Android haikubali viendelezi, Firefox ya Android inakubali, na tangu Desemba 2023 imefungulia mamia yake. Yule kijana alirudi Ijumaa, nikamwonyesha ukurasa mmoja wa habari kwa simu yangu na kwa yake pamoja. Alifuta gemu mbili akapata nafasi. Chrome hakuitoa, ameiacha ya ile fomu.