Kunguni wa Mama Mwenye Nyumba

Vuli ya 2023 ilinikuta Paris, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mstaafu, Kifaransa changu kikiwa cha kuombea maji. Majira yale mji ulikuwa hauna habari nyingine ila kunguni: kwenye metro, kwenye treni, kwenye sinema. Kuna watu walisafiri wima ilhali viti vitupu vinawatazama.

Mimi nimelala bweni miaka sita, kunguni ananijua na mimi namjua. Nilimtafuta kwenye kamusi mapema: punaise. Wenyewe hutamka "pinezi".

Jumatatu moja asubuhi nikasikia kishindo jikoni, kisha bibi akapaza sauti: "Punaise!"

Sikuuliza. Mashuka nikayatia kwenye mfuko wa taka na kuufunga mafundo mawili. Godoro nikaliburuta kutoka ghorofa ya nne hadi uani, huku milango ya majirani ikifunguka kidogo na kufungwa haraka. Bibi akanifuata na kandambili zake.

"Unahama?"

"Kunguni, Madame! Si umemwona?"

Kumbe alikuwa ameangusha kikombe cha kahawa.

Tukalipandisha godoro pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye kona ya ghorofa ya pili likakwama. "Mercredi!" akafoka.

Nikamtuliza: "Hapana, Madame, leo Jumatatu. Tutamaliza leo hii hii."

Bibi akaketi kwenye ngazi, akacheka hadi miwani ikamvuka. Alipopata pumzi ndipo akanifungulia darasa, godoro likiwa limeniegemea. Mtu mwenye haya zake, akasema, tusi huliacha lianze, kisha ulimi unakata kona. Lile la choo, merde, likishafika "mer" linageuka kuwa Jumatano. Lile zito la kahaba linaanza na "pu": ukiwahi, linakuwa punaise, au purée, yaani viazi vya kuponda. Asiyetaka hatari husema zut, ambalo halina maana yoyote. (Kwetu bibi wa rika lake angesema "Yarabi!" na godoro langu lingebaki kitandani.)

Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa mtaalamu wa kuangamiza wadudu, ameitwa na jirani, na mbwa wake wa kunusa kunguni tayari alikuwa ameshaingia chumbani kwangu.

Bibi akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akashusha pumzi.

"Purée."

Safari hii sikwenda jikoni kumenya viazi.