Viatu vya Mama Mkwe na Krenkesi ya Kushoto

Mama wa heshima akipanda bodaboda Arusha hukaa upande, miguu yote kushoto. Sproketi ndogo, gurudumu la meno linalovuta cheni, nayo iko kushoto. Mambo haya mawili yalikutana tukipandisha Kijenge, mama mkwe wangu akiwa na viatu vyeupe vya kwendea kipaimara.

Cheni ilikatika. Cheni yenye adabu ikikatika hulala barabarani. Yangu ilijikunja nyuma ya sproketi, ikabana, ikasukuma ukuta wa krenkesi, paa! Krenkesi ndilo ganda linaloshika krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), gia na oili, na ni la aluminiamu, kwa hiyo halibonyei, linapasuka. Oili ikashuka yote, ikapitia kwenye vile viatu. Bahati injini ilikuwa bado haijapata moto.

"Baba," mama aliniita kwa upole wa kutisha, "hii ni nini?"

"Ni oili, mama."

"Sijauliza jina lake."

Akatokea fundi wa njiani, kijana mwenye furaha isiyoelezeka. "Tulia chalii yangu, hii ni sabuni tu." Akaunga cheni, akakanda sabuni ya mche, akaziba tundu, tukaongeza oili. Hoja yake ilikuwa na akili: tenki likivuja watu huziba kwa sabuni, maana petroli haiiyeyushi. Ila huu ulikuwa mwezi wa nne. Mvua ilitudaka Sanawari. Tairi la mbele likawa linarushia injini maji, injini inatoa povu. Watoto wakatukimbiza: "Pikipiki inafua! Pikipiki inafua!" Nyuma yangu nikasikia rozari imeanza.

Jumatatu nikaisukuma hadi gereji moja ya Unga Ltd. Mama mkwe alikuja pia; hakualikwa. Nikaomba nusu ya kushoto peke yake. Fundi mkuu akanitazama kama mtu aliyeomba kununua mguu mmoja wa suruali. Nusu hizi mbili, akasema, huchongwa pamoja kiwandani ili matundu ya beringi za krenki yalingane. Ukioanisha ya huku na ya kule, krenki inakaa upande, injini inalia mpaka inakufa. Basi nikanunua zote mbili, na gasketi, na sili, na beringi. Bei siitaji, mke wangu anajua kusoma.

Na kubadilisha ganda maana yake ni kufungua kila kitu: hedi, silinda, pistoni, klachi, magineti. Jioni pikipiki yangu yote ilikuwa ndani ya beseni la petroli. Mama mkwe akainama, akaokota ile nusu ya kushoto iliyopasuka, akaifuta kwa gazeti, akaitia kwenye mkoba.

"Hii nakaa nayo mpaka viatu vyangu virudi."

Tukacheka, fundi na mimi. Chuma chakavu, nani anakihitaji?

Wiki iliyofuata trafiki akanisimamisha. Kadi akaisoma, chesisi akaikagua, sawa. Akachuchumaa kushoto kwa injini, akawasha tochi ya simu, akapapasa krenkesi yangu mpya inayong'aa. Namba ya injini hugongwa pale chini, na hii ya dukani ilikuja uso mtupu.

"Injini ya nani hii?"

Nikaeleza cheni, sabuni, povu. Nikatoa risiti, imeandikwa "spea mbalimbali".

"Ganda la zamani lenye namba liko wapi?"

Nikapiga simu, nikamwekea spika. Afande akajitambulisha kwa cheo chote, akaomba ile nusu iletwe kama uthibitisho. Kimya kidogo. Kisha mama mkwe akaanza kuzungumza, naye afande akawa anaitikia tu: "Ndiyo mama. Vyeupe? Vyote viwili? Aa, pole sana mama." Akakata simu, akaiweka kadi yangu mfukoni mwake.

"Kadi utaipata ukileta ile namba," akasema, "na namba utapewa ukipeleka viatu. Anavaa 39. Amesema visiwe vya plastiki."