Homa ya chanjo si kipimo cha kinga

Ndugu mwandishi, asante kwa makala, ila pale uliposema mtoto asiyechemka baada ya chanjo huenda haijamshika, nakupinga. Wanangu wawili walichanjwa kliniki hiyohiyo hapa Temeke, wiki ya 6, 10 na 14. Mkubwa alichemka usiku kucha, mdogo alinyonya akalala. Kina mama wa mtaani kwetu wakisoma sentensi ile watahangaika bure.

Ni kweli ule mwako wa mwili, yaani joto, uvimbe na maumivu, huamsha seli za kinga. Lakini ukizidi, nyingi kati ya seli T, aina mojawapo ya seli hizo, huwa wapiganaji wa muda mfupi, wanaokufa vita vikiisha, na chache ndizo hubaki kutunza kumbukumbu. Ndiyo maana dozi huachanishwa kwa wiki kadhaa: mwili upoe, kumbukumbu ikomae, kisha ikumbushwe. Tena wanaougua malaria mara kwa mara, yaani wenye mwako unaojirudia, hukutwa na seli B (zile za kutengeneza kingamwili) za kumbukumbu zisizo za kawaida, zinazoitika kwa uvivu. Sisi ambao Bagamoyo yetu ilishiriki majaribio ya chanjo za malaria za RTS,S na R21, hilo lingestahili makala nzima.

Tafadhali rekebisheni sentensi ile leo.