Itifaki Imezingatiwa, Msaidizi Yuko Jikoni

Utambulisho wa meza kuu kwenye mahafali ya shule ya msingi ulichukua dakika arobaini. Nilihesabu, maana jua lilikuwa la utosi na turubai lilikuwa la wakubwa tu. Akatambulishwa mgeni rasmi, akapigiwa makofi ya kilo. Akaja diwani, akaja mtendaji wa kata, afisa elimu kata, mwenyekiti wa kamati ya shule, mchungaji, ustadhi, walimu wakuu wa shule jirani, na kijana wa benki aliyeleta madaftari na kutaka apigwe picha nayo mara nne. Mshereheshaji akashusha pumzi, akasema maneno yale tunayoyapenda sana Watanzania: "Itifaki imezingatiwa."

Mimi nilikuwa nimealikwa na dada yangu, ambaye ndiye mwalimu mkuu msaidizi wa shule hiyo. Shule siitaji, nisije nikamponza. Nikamtafuta meza kuu, hayupo. Viti vya walimu, hayupo. Nikamkuta nyuma ya madarasa ya la nne, kaunta buku kwapani, rundo la funguo limefungwa kwa kipande cha kanga shingoni, anabishana na mpishi kuhusu pilau kama itatosha waalikwa mia tatu. Sare ya kitenge cha walimu wa kike alikuwa ameivaa, ila imeshaingia moshi. Alinipa karatasi: "Mdogo wangu, nihesabie viti vya kukodi, viwe mia mbili na hamsini."

Nikahesabu. Vilikuwa mia mbili arobaini na nane.

Hilo lingeishia hapo, ningekula pilau yangu nikarudi nyumbani. Lakini usiku ule ule, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shemeji yetu mmoja, mtu wa makamo, msomi, akaandika: "Hivi huyu mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi kazi yake nini hasa? Si mwalimu tu wa kawaida aliyepewa jina?" Na emoji ya kucheka. Watu saba wakampa dole gumba. Kwa hiyo leo naandika kwa ajili ya shemeji na wale saba, na sina mpango wa kuwa mpole.

Kwenye karatasi msaidizi anamsaidia mwalimu mkuu, na anashika nafasi yake anapokuwa hayupo. Basi. Ukiisoma unaona kazi ya mtu anayekaa pembeni akingoja bosi apate mafua.

Sasa niambie, lini mara ya mwisho umemkuta mwalimu mkuu wa shule ya serikali ofisini saa nne asubuhi siku ya kazi? Simlaumu, na wala si mtoro. Tulichomfanyia ni kumgeuza mkandarasi. Fedha za madarasa ya BOOST, ule mradi wa serikali wa kuboresha shule za msingi, zinaingia kwenye akaunti ya shule, ujenzi ni wa fosi akaunti, yaani shule inanunua na kusimamia yenyewe bila mkandarasi, kwa hiyo mtu aliyesomea kufundisha Kiswahili anaamka anatafuta bei ya nondo, anagombana na fundi kuhusu zege, anapanga nukuu tatu za bei za wazabuni wa mchanga. Akitoka hapo ni mhasibu: kila shilingi iingizwe kwenye FFARS, mfumo wa hesabu wa kompyuta, marejesho yapelekwe halmashauri, na ukikosea risiti moja unaitwa kujieleza. Bado kikao cha wakuu, kikao cha kata, semina, ugeni wa wilaya, benki. Ile ruzuku ya uendeshaji inayomhangaisha, shilingi 6,000 kwa mtoto kwa mwaka zinazofika shuleni, kwa shule ya watoto 1,100 ni laki tano na nusu kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, vyote humo.

Kwa hiyo "anapokuwa hayupo" ndiyo maisha ya kila siku ya shule. Anayeiendesha ni msaidizi. Ila hana barua ya kukaimu, hana muhuri, na kabati la nyaraka mara nyingi funguo yake imesafiri na mwenyewe kwenda wilayani. Dada yangu ana funguo kumi na tisa shingoni. Ya kabati hilo haimo.

Mwaka jana nilikaa kwake wiki moja nikiwa na shughuli zangu huko. Siku moja nikamsindikiza kazini kwa sababu nilitaka kuchaji simu (kwake umeme ulikuwa umekatika, shuleni upo, maajabu). Tulifika kabla jua halijatoka sawasawa. Akafungua ofisi, akaweka kitabu cha mahudhurio ya walimu mezani, na kalamu nyekundu pembeni. Muda ulipofika akapiga mstari. Dakika nne baadaye akaingia mwalimu mmoja anahema, rafiki yake wa miaka, wamelea watoto pamoja, wanabebeana michango ya harusi. Akauona ule mstari. Akamtazama dada. Dada akatazama ratiba ukutani. Mwalimu akasaini chini ya mstari, akatoka bila kusema neno, na hawakusemeshana mpaka Ijumaa. Nikamuuliza, si ungemwachia? Akasema: "Nikimwachia yeye leo, kesho wanakuja sita." Mwalimu mkuu hajui hata kama jambo hilo lilitokea. Siku akisifiwa kwamba walimu wake wanawahi, atasema asante.

Siku hiyo hiyo, mwalimu wa darasa la kwanza yuko likizo ya uzazi, hakuna mbadala. Watoto mia na ushehe, chumba kimoja. Dada akachora upya ratiba kwenye boksi la karatasi, akamhamisha huyu, akamwomba yule, akabaki na vipindi viwili visivyo na mtu. Akavichukua mwenyewe, juu ya vile vyake vya Hisabati la sita na la saba. Jumla ni vipindi ishirini na sita kwa wiki, achilia mbali madaftari. Hapo hajagusa "kazi ya msaidizi". Hiyo anaifanyia kwenye nyufa kati ya kipindi na kipindi.

Saa tatu na nusu akaingia baba mmoja kamshika mwanawe mkono. Kidole cha mtoto kimevimba kama kitumbua. Kachapwa jana, akakinga kwa mkono, fimbo ikapiga kidole.

Tuelewane hapa. Kanuni za mwaka 2002 ziko wazi na kila mwalimu anazijua: anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Mimi binafsi ningefurahi fimbo zote zikawa kuni, lakini hiyo ni makala nyingine. Dada akafungua kitabu cha adhabu. Jana hakuna kilichoandikwa. Akamwita mwalimu aliyechapa, kijana mgeni kazini, naye badala ya kuomba radhi akaleta ubishi kwamba Madam mwenyewe ndiye husisitiza nidhamu. Dada akampigia mwalimu mkuu: simu haipatikani. Akampa yule baba kiti chake, maana ofisini viti ni viwili na kingine mguu wake umeungwa kwa waya. Akatoa elfu tatu kwenye pochi yake, akamtafuta mwalimu wa afya, akampakia na mtoto bodaboda kwenda zahanati. Akamwandikisha kijana maelezo. Kisha akakaa mbele ya baba, kwenye kile kiti cha waya, akamwomba radhi kwa niaba ya shule. Akaomba radhi vizuri, bila kujitetea, mpaka mimi niliyekuwa pembeni na chaja yangu nikaona aibu.

Yule baba akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole kabisa: "Sasa mwalimu, wewe hapa una mamlaka gani?"

"Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi."

"Basi nitamsubiri mwenyewe."

Akamsubiri. Mpaka saa nane mchana, kwenye kiti cha dada. Dada akaingia darasani, akatoka, akasahihisha madaftari akiwa amesimama dirishani. Mtoto alisharudi, kidole kimefungwa, hakijavunjika. Mwalimu mkuu alipofika, na vumbi la saruji viatuni, akapewa maelezo ya kijana, karatasi ya zahanati, kila kitu kimepangwa. Mazungumzo yakachukua dakika kumi. Baba akatoka ameridhika, akashika mkono wa mwalimu mkuu kwa mikono miwili: "Nashukuru sana, mwalimu, nyinyi ndio viongozi."

Hicho ndicho kinachonichoma. Kazi nyingi wote tunazo. Kinachouma ni kubebeshwa jukumu ambalo ukilitimiza linakuwa la mwingine, na ukiliharibu linakuwa lako. Siku wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, walipokuja na maandalio ya masomo hayakuwa kabatini, unafikiri aliulizwa nani? Mwenye funguo alikuwa wilayani. Aliulizwa asiye na funguo, na jina lake likaingia kwenye ripoti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wasaidizi wasiostahili hata hilo jina. Wapo ambao ni masikio ya mwalimu mkuu tu, mnazungumza ofisi ya walimu, jioni anayo yote. Mimi nilisomeshwa na mmoja aliyekuwa akiuza ubuyu wakati wa mapumziko, na ole wako akukute umenunua wa mama wa getini. Siku hiyo kucha zako zitakaguliwa mpaka mizizi. Nakubali pia kwamba mwalimu mkuu ndiye shingo yake iko kwenye kitanzi fedha zikipotea, na mfuko mmoja wa saruji usioonekana unaweza kumtoa cheo. Sawa. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi, haimsaidii shemeji: kama mwenye shule ameelemewa na saruji, basi aliyebaki na watoto tumpe kitu zaidi ya jina.

Posho? Elimu bila malipo ilipoanza, Serikali ilitangaza posho ya madaraka: walimu wakuu wa msingi 200,000 kwa mwezi, wakuu wa sekondari 250,000, waratibu elimu kata 250,000. Orodha nzuri. Tafuta msaidizi humo ndani, ukimpata nipigie.

Na wala sijaanza na hela. Mimi ningeanza na karatasi. Mwalimu mkuu akitoka zaidi ya nusu siku, akaimishe kwa maandishi, mistari miwili tu, na aache funguo ya kabati. Ibandikwe mlangoni, mzazi asome, ajue anayeongea naye leo ndiye shule. Haihitaji bajeti wala wafadhili. Inahitaji mwalimu mkuu asiyeogopa kwamba akirudi atakuta kiti kimekaliwa, na nadhani hapo ndipo penye mzizi, maana wengi wao walikuwa wasaidizi na wanajua vizuri jinsi mtu anavyojifunza kazi ukimwacha aifanye. Kisha wapunguziwe vipindi. Huwezi kumkagua mwalimu wa la tano darasani ukiwa umesimama mbele ya la sita. Jirani zetu Kenya, naibu mwalimu mkuu ni nafasi inayotangazwa, watu wanaomba na kusailiwa, na ina daraja lake la mshahara; wana matatizo yao mengi, lakini hilo angalau hawaulizani "kazi yake nini". Dada yangu aliitwa ofisini Alhamisi moja, akaambiwa "mwalimu, tumekuona", akakabidhiwa funguo. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yake ya uongozi. ADEM Bagamoyo, chuo cha serikali cha uongozi wa elimu, anaisikia kwa wenzake.

Nilimuuliza jioni ile ya mahafali, tukiwa tunakunja turubai, kama haikumuuma kutotambulishwa. Akacheka, akajifuta jasho kwa ile kanga ya funguo. "Sasa na mimi ningekaa meza kuu, hiyo itifaki angeizingatia nani?"

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nafikiria vile viti viwili, maana mwenye viti alishafika na kirikuu chake na anahesabu kwa sauti, na mgeni rasmi, diwani na mwalimu mkuu walishaondoka msafara mmoja.

Juzi nimempigia, nikamuuliza kama vilipatikana.

"Kimoja. Kilikuwa kwa mama wa maandazi."

"Na cha pili?"

"Nimelipa."

Shemeji, hiyo nayo iweke kwenye orodha.