Watlaxcala hawakumuuza ndugu yeyote

Kila inaposimuliwa habari ya Wahispania kuiteka Meksiko, lawama huwaangukia wenyeji wenyewe: Watlaxcala waliojiunga na Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania hao, na Malintzin, mwanamke aliyekuwa mkalimani wake. Eti ni wasaliti. Kwangu hiyo ni dhuluma. Tunawahukumu watu wa mwaka 1519 kana kwamba walikuwa taifa moja lenye bendera na wimbo wake.

Tlaxcala ilikuwa dola ndogo iliyozingirwa na himaya ya Waazteki, ambao mji wao mkuu ulikuwa Tenochtitlan. Walipigana miaka mingi, na Waazteki wakawafungia njia za biashara. Chumvi haikuingia, watu wakala chakula chapwa. Pamba haikuingia, wakavaa nguo za nyuzi za mmea wa jamii ya mkonge. Vijana wao waliotekwa vitani walichinjwa kafara juu ya mahekalu ya jirani huyohuyo. Sasa ndugu waliyemuuza hapo ni nani?

Wala hawakumpokea Cortés kwa vigelegele. Walipambana naye kwanza, Septemba 1519, na waliposhindwa kummaliza ndipo wakuu wao wakaamua heri wawe naye upande mmoja. Jemadari wao, Xicotencatl kijana, hakuridhika kamwe na uamuzi ule. Wahispania walimnyonga mwaka 1521.

Malintzin ndiye anayeniuma zaidi. Alikuwa mtumwa. Machifu wa Tabasco walimtoa kwa Wahispania pamoja na wanawake wengine 19, baada ya kushindwa vitani. Msichana aliyekwisha kutolewa kama mzigo alikuwa na deni gani la uaminifu, na kwa nani?

Vitabu vingi vinampa Cortés ushindi wote na mamia yake ya askari. Lakini Tenochtitlan ilikuwa katikati ya ziwa, na mashua 13 zilizouzingira mji huo zilitengenezwa kwa mbao zilizochongwa Tlaxcala. Maelfu ya wapagazi wenyeji walizibeba vipande vipande kuvuka milima hadi Texcoco, mji wa ukingoni mwa ziwa hilo. Ndui nayo ilikuwa imetangulia. Ilimuua Cuitláhuac, mtawala wa Waazteki, mwaka 1520. Mji ulipoanguka tarehe 13 Agosti 1521, wengi wa waliouzingira walikuwa wenyeji. Kuwaondoa katika hadithi ni kumsifu mtekaji kwa kazi ya mikono isiyo yake.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tulipaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengi. Mwaka 1498 mfalme wa Malindi alimkaribisha Vasco da Gama na kumpa rubani wa kumvusha hadi India, kwa sababu Malindi ilikuwa na ugomvi wake na Mombasa. Urafiki huo ulidumu karibu karne nzima, hata Wareno wakaupa ukoo wa Malindi utawala wa Mombasa. Kisha mwaka 1614 Hasan bin Ahmad, mtawala wa ukoo huohuo, akauawa baada ya kukosana na Wareno. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa akabatizwa, akarudishwa kuwa mfalme, na mwaka 1631 akamuua kapteni wa Kireno na kuiteka Fort Jesus. Ukimwita babu msaliti na mjukuu shujaa, hujamwelewa yeyote kati yao.

Watlaxcala nao waliahidiwa mengi na taji la Hispania, ikiwemo kusamehewa kodi, na ahadi zikamegwa kidogo kidogo. Mwaka 1591 serikali ya kikoloni ilizitaka familia zao 400 zihamie kaskazini, zikaishi mpakani na Wachichimeka, wenyeji wa kaskazini waliokuwa wakipigana na Wahispania kwa miongo. Safari hii walijadiliana kwanza. Walidai ardhi, msamaha wa kodi, haki ya kupanda farasi na kubeba silaha, na yote yawe kwenye maandishi. Walipokwisha kuandikiwa, ndipo wakafunga safari.