Lamu mtaalamu hahojiwi mpaka afikishwe mahakamani

Mikutano ya wataalamu imekuwa mingi Lamu. Bandari, mikoko, ardhi, usalama, vijana na dawa za kulevya: kila jambo lina kongamano lake, na kila kongamano lina bango lake, chupa zake za maji na kijana anayehangaika na waya wa projekta. Wingi wenyewe haunikeri. Mji uliopangiwa bandari ya gati 32 una haki ya kuijadili mpaka koo likauke. Kinachonikera ni kwamba kwenye mikutano hiyo hakuna anayebishana na mtu. Mtaalamu anakuja, anasema, anapigiwa makofi, kisha anapanda boti kuvuka Manda kuwahi ndege.

Kuna mmoja niliohudhuria, wa mambo ya bahari, katika ukumbi wa hoteli. Mgeni wetu alizungumza Kiingereza kwa zaidi ya saa nzima. Kiswahili alikitumia kwenye salamu. Ramani zake zilikuwa za rangi, nzuri sana. Alipomaliza, mzee mmoja mvuvi aliinuka, akainua bakora kuelekea ukutani, akauliza: mchanga huu unaochimbwa kupanua njia ya meli, mkiumwaga pale mlipopaonyesha, msimu wa kusi mkondo utaupeleka wapi? Ukumbi ukanyamaza, maana wavuvi wote waliokuwapo walikuwa na jibu lao na walitaka kusikia la mwenye ramani. Mshereheshaji, kijana wetu wa hapa hapa, akajibu kwa adabu: "Ami, hilo ni la kiufundi, tutaliandika."

La kiufundi! Na mwenye ufundi amekaa hatua tatu kutoka hapo, anakunywa maji.

Swali likaandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi kubwa ya ukutani, chini ya kichwa "Mengineyo". Kikafuata chakula. Kabla ya chakula ilipita karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Karatasi hiyo ndiyo huniudhi kuliko zote, maana sahihi ya kupokea nauli huja kuonekana mwishoni mwa ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Aliyeuliza na hakujibiwa, na aliyekuja kwa ajili ya pilau, wote wamehesabiwa kuwa wamekubali.

Sheria zetu hazikukusudia hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi kwenye ibara ya 10, miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo, atangaze gazetini na redioni, tena kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na aitishe mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Hakuna mahali panaposema mikutano hiyo iwe ya kusikiliza tu.

Sasa angalia ni wapi Lamu imepata mijadala yake mikubwa ya kitaalamu. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari yetu na njia za usafiri kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012. Wavuvi na wakazi walikwenda mahakamani mwaka huohuo, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwamo haki ya kupata habari, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Miaka sita. Mwaka 2021 gati la kwanza likafunguliwa.

Ya makaa ya mawe ni zaidi. Mtambo wa umeme wa megawati 1,050 ulikuwa ujengwe Kwasasi, hapa hapa Lamu, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikautolea leseni 2016. Wakazi wakakata rufaa. Juni 2019 jopo la mazingira likaifuta leseni, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti kuwa tayari. Mikutano ya awali ya kuutambulisha mradi haikutosha. Jopo lilisema ushiriki wa umma ndio hewa inayoipa uhai tathmini, na bila hewa hiyo ripoti ni mfu hata iwe nene na ya kupendeza vipi. Lakini watu husahau jambo moja kuhusu kesi ile. Upande wa wakazi ulikuwa na wataalamu wake, wa nishati na wa uchafuzi wa hewa, na walitoa ushahidi na kuhojiwa kama wengine. Kwenye kizimba mtaalamu haambiwi asante kwa mada nzuri. Anaulizwa ulipima wapi, ulipima lini, nani alikulipa, na kwa nini mwenzako mwenye shahada kama yako anasema kinyume chako. Maswali hayohayo ukiyauliza ukumbini, unaonekana mkosefu wa heshima.

Wapo wenzangu, na wengine ni watu ninaowaheshimu, wanaosema wataalamu tuachane nao, wazee wetu wanaijua bahari. Siungani nao. Mwaka 1998 matumbawe yalipauka pwani yote hii. Wavuvi waliona kwa macho yao miamba ikigeuka mieupe, ila sababu yake, joto la bahari lililopanda kupita kiasi, ilihitaji watu wa vipimo. Na moshi wa makaa ya mawe ungepimwa na nani hapa kwetu? Nahodha anaujua mkondo kuliko mtu yeyote mwenye kompyuta, lakini chembe za moshi zinazoingia kwenye mapafu ya mtoto hazionekani hata kwa nahodha. Tunawahitaji. Tunawahitaji wawili wawili, wasiokubaliana, wakae meza moja mbele yetu, na maswali yetu yatangulie mada zao. Mtu akishasikia kwamba kuna mwanamke wa Shela anayetaka kujua visima vya maji matamu ya mchangani vitakuwaje nyumba zikizidi kupanda vilimani, mada yake itafupika yenyewe.

Na azungumze Kiswahili, au aje na mkalimani anayelipwa, si kijana wa kuokotwa mlangoni. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa katiba hiyohiyo. Swali lisilojibika siku ile lipewe tarehe, na jibu lisomwe redioni, ili hata wa Kiunga na Kizingitini walisikie.

Halafu kuna hili ambalo wageni hawalijui na wenyeji wanaowapangia ratiba wanajifanya hawalijui: maji. Mkutano unawekwa saa tatu asubuhi mjini Amu, yaani Lamu mjini, na siku hiyo maji yamekupwa, boti ya Pate au Siyu haitoki mpaka yajae. Watu wa huko wakifika saa saba wanakuta wenzao wanaosha mikono. Kisha ripoti inasema mahudhurio kutoka visiwa vya mbali yalikuwa hafifu. Jedwali la kupwa na kujaa ni karatasi moja tu.

Nimeshawahi kuwaambia waandaaji wawili watatu kwamba mijadala hii ifanyiwe uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, baada ya alasiri, jua likishalegea. Jibu ni lilelile: patakuwa na vurugu, kila mtu atataka kusema. Wanasiasa hupanga vipaza sauti vyao papo hapo kila uchaguzi, na hakuna anayewaambia watapata vurugu. Anayetaka kiyoyozi abaki na ukumbi wake.